Hatua Hamsini na Kioo Kirefu

Mke wangu Paskalia,

Barua za watu huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwako. Mimi nimekaa hapa mlangoni na kalamu nikaona nianze na lile ambalo ndugu zako watauliza kwanza: miguu yangu ipo, yote miwili, na picha niliyoiweka humu ndani ni ushahidi. Itazame baadaye. Kwanza soma.

Barua anakuletea kaka yako Kalisto, anayerudi Karema kesho na lori la samaki. Alikuja kuuza migebuka, lakini alikuja pia na neno lako, na alinipa hilo neno kabla hata hajaketi. Nilimwuliza, "Shemeji, Paskalia anarudi lini?" Akatazama bati la juu kama mtu anayetafuta inapovuja. Akasema, "Mimi nimetumwa tu, usinipige. Amesema ukitaka kumwona, si una kioo kirefu? Panda juu ya kitu, utazame upande wa Karema."

Nilicheka. Ni neno lako kabisa, hata sauti niliisikia. Kisha nikaenda kuchota maji ambayo sikuwa na kazi nayo.

Uliondoka kwenda kumaliza tanga la mama yako, ukasema utarudi mvua zikianza. Mvua zilianza. Zikanyesha, zikakatika, sasa watu wanavuna karanga. Mimi kila lori la Karema likiingia natoka nje na sura ya mtu aliyetoka kwa mambo yake mengine. Jirani yetu Mama Zena amenizoea. Juzi aliniita juu ya ua: "Baba Picha, leo umepika, au umekipiga picha chakula cha mwenzio ukashiba?" Nikamwambia nimepika. Akanusa hewa, akaniletea ugali.

Unakumbuka siku sanduku lilipoingia nyumbani? Nilikuwa nimemshikia yule mpimaji wa mgodini fimbo zake za kupimia miaka mitatu. Mimi nasimama na fimbo juani, yeye yuko kule mbali anachungulia kwenye mtambo wake, ananipungia mkono kulia, kushoto, kulia tena. Muda wake ulipokwisha akapanda treni, na hilo sanduku akaniachia, nadhani kwa sababu mimi peke yangu niliwahi kumwuliza kilichomo. Ndani kulikuwa na kamera, vioo vitatu vya kubadilisha, na kitabu cha maelezo kwa lugha ya kigeni, kimejaa mishale. Wewe ulisoma kwa masista, lakini masista hawakukufundisha mishale. Tukakaa juu ya mkeka, tukavipanga vile vioo mbele yetu kama watu wanaochambua maharage.

Wenye kusoma wanaviita lenzi. Sisi tuliviita kifupi, cha kati na kirefu, na majina hayo yalitutosha. Filamu mbili nzima tuliziharibu kabla ya kujua kila kimoja kinataka nini.

Kifupi kina jicho pana. Ukikifunga kwenye kamera, hata ukisimama karibu, kinakula stesheni nzima: mabehewa, magunia, watu, mbuzi wa watu. Lakini kina uroho wake. Aliye katikati anatoka mdogo, na aliye pembeni anavutwa kama unga wa chapati. Unamkumbuka karani wa stesheni? Alikuwa mwembamba kuliko mti wa bendera yake. Siku ya picha ya pamoja alisimama mwisho kabisa wa mstari, na picha ilipotoka ana mashavu, ana tumbo, ana heshima. Niliogopa nikaanza kuomba radhi. Yeye akaitazama muda mrefu, akasema, "Hapana, bwana. Hivi ndivyo nilivyo." Akaagiza nakala tatu za kupeleka kwao. Tangu siku hiyo kila picha ya kundi watu walikuwa wanagombea pembeni, na wewe ukawa unawapanga kwa fimbo ya mwiko.

Cha kati hakina maajabu. Kinaona kama jicho linavyoona: mtu aliye hatua tano mbele yako, yuko hatua tano. Kwa hicho ndicho tulifanya kazi yetu yote. Ulitundika lile shuka jeupe ukutani, ukamweka mtu mbele yake, ukamkagua kutoka juu kwenda chini kama askari. Shingo. Mikono yote miwili. Vidole. Miguu. "Shusha kidevu, baba, hujashtakiwa." Asiye na viatu ulimpa vile vyeusi vya kamba tulivyomnunulia mteja wa kwanza, akapigwa navyo, akavivua akamwachia anayefuata. Ukikusanya picha zetu zote utadhani mtaa wetu mzima wa Makanyagio una jozi moja ya viatu, na ndivyo ilivyokuwa. Vile viatu vimeonwa na watu wa Tabora na wa Kigoma, lakini havijawahi kutembea hatua kumi.

Siku moja nilikusikia ukimwambia Mama Zena, "Hicho cha kati kinasema kweli. Ndiyo maana mume wangu hakipendi." Nilijifanya sikusikia. Nina kipaji hicho, kama ulivyokuja kujua.

Maana mimi nilikipenda kirefu. Kirefu unakaa mbali nacho. Unamchagua mtu mmoja kati ya watu mia, unamleta karibu hadi unaona jasho juu ya mdomo wake, na yeye hajui. Kilicho nyuma yake kinayeyuka kuwa ukungu, au kama kiko mbali kinasogezwa, mlima unakuja kuegemea paa la nyumba. Uso ukipigwa na kirefu unatulia, haupanuki pua kama kifupi kinavyoufanya. Mkono wako ukitikisika kidogo tu, umeharibu. Mimi mkono wangu hautikisiki. Nimezaliwa Inyonga, kwa Wakonongo warina asali, na kazi ya kwanza niliyofundishwa duniani ni kukaa kimya nikiangalia mzinga kwa mbali.

Na kosa la kwanza la kirefu wewe ulilisamehe. Ulitaka kumpelekea mama yako picha, aone umeolewa mahali pazuri. Mimi nikaona kwa mke wangu nisitumie kioo cha kila mtu. Nikakuweka mlangoni asubuhi, nikarudi nyuma hadi kwenye ua wa Mama Zena, nikapiga uso wako peke yake, kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kwenye kola. Haijawahi kutoka picha nzuri kama ile katika mji huu. Tukaituma na lori.

Baada ya wiki mbili kaka yako akatokea mlangoni, vumbi hadi kwenye kope, kwa sababu lori lilikuwa bovu na yeye alitembea. Hakunisalimia. Akasema, "Dada yangu yuko wapi?" Ukatoka jikoni. Akakutazama miguu. "Tembea," akakuambia. Ukatembea hadi kwenye mtungi. "Rudi." Ukarudi. Ndipo akaketi chini, akaomba maji. Kumbe kule Karema picha ilizunguka nyumba hadi nyumba, na kila mtu akauliza swali moja: mwili umefichwa kwa nini? Wanajua Mpanda kuna mgodi na kuna treni, na vyote viwili huwa vinabaki na vipande vya watu. Mama akalia, akasema, "Mwanangu amekatwa, na mkwe ananionyesha kilichobaki."

Ulicheka hadi ukashika ukuta. Kisha ukanikasirikia, maana kaka yako alikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Siku ile ile nikafunga cha kati, nikakupiga umesimama wima mbele ya shuka, miguu na mikono yote, umekunja uso. Kaka yako akaondoka nayo kama mtu anayebeba stakabadhi.

Nakuandikia hili la kuchekesha kwanza kwa sababu la pili sijui kulianza. Na wewe unanijua, utasema, "Anazunguka." Nimezunguka vya kutosha.

Siku ile nilikuwa stesheni nimepanda juu ya rundo la mataruma ya reli, na kirefu kimefungwa. Nilitaka kuwapiga makuli wakipakia, mmoja mmoja, bila wao kujiweka sawa. Nikawa naizungusha kamera polepole, na nyuma ya ghala, penye kivuli, nikaona kanga ninayoijua. Ulikuwa umekaa chini, mgongo ukutani. Kikapu kimeanguka ubavuni, nyanya zimetoka. Ulikuwa unalia, Paskalia, mdomo wazi, bila sauti, au labda sauti ilikuwepo na mabehewa yaliifunika. Mwanga ulikuwa unatoka pembeni, ukipita juu ya shavu moja tu.

Nikapiga. Mkono haukutikisika.

Kisha nikashuka upande wa pili wa mataruma nikaenda kuwapiga makuli.

Jioni ulinikuta nyumbani. Uliniambia kwamba muuza samaki mmoja wa kwenu alikupa habari sokoni: mama amekufa, amekwisha zikwa. Nikashika kichwa. Nikasema, "Mungu wangu, lini?" Nikakukalisha, nikakuletea maji, nikafanya kila kitu ambacho mume hufanya anaposikia habari kwa mara ya kwanza. Na kuhusu mama, kweli ilikuwa mara ya kwanza. Lakini kwamba siku ile ulikuwa umepasuka moyo nyuma ya ghala, hilo nilikuwa ninalo tayari, limelala ndani ya kamera, na sikusema.

Daraja la njiani lilikuwa limevunjika, ukangoja lori wiki tatu. Katika wiki hizo nikaisafisha filamu. Mle chumbani ulimokuwa ukiweka mahindi, blanketi dirishani, nikaiona ikijitokeza ndani ya sinia la dawa, shavu kwanza, kisha mdomo. Ningeweza kuitupa. Nikaikausha, nikaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na picha za watu.

Na siku unafunga mzigo ukafungua kopo kutafuta karatasi ya kuwafungia watoto wa kaka yako peremende. Mimi nilikuwa uani nanoa panga. Ukatoka nayo.

"Hii ni nini?"

"Ni wewe."

"Najua ni mimi, kanga yangu naijua. Nauliza wewe ulikuwa wapi."

"Juu ya mataruma."

"Ni mbali?"

"Kama hatua hamsini."

Ukaitazama tena ile picha. Kirefu ni mwongo, kinasogeza kila kitu. Ukiitazama utadhani mpigaji ameinama juu yako, utadhani akinyoosha mkono anakushika bega. Ukasema, "Hapa unaonekana uko karibu sana."

Nikajitetea. Hilo ndilo linaloniamsha mapema mpaka leo, kwamba nilijitetea. Nikasema sisi tumezaliwa kwenye nyuki, mtu haukimbilii mzinga, anauangalia kwanza kwa mbali ajue umekaaje. Ukangoja nimalize. Ukasema, "Mimi si mzinga." Hukupaza sauti. Ukaiweka ile picha kati ya nguo zako, ukafunga mzigo, na lori lilipokuja ulipanda nyuma juu ya magunia, ukakaa umetazama mbele.

Sasa nikuambie kile ambacho siku ile sikukisema. Kuhusu nyuki nilisingizia. Mwanga ndiyo, ulikuwa mzuri, lakini hata huo si sababu. Nilipokuona pale nilidhani unalia kwa ajili yangu. Tulikuwa na miaka minne bila mtoto, na watu walikuwa wameanza kuongea, na wewe ulikuwa umeanza kunyamaza wakiongea. Nikajiambia: nikienda pale nikimwuliza, atanijibu. Basi nikabaki na kioo. Kioo hakijibu. Nimeishi hivyo tangu utoto, najua mambo ya kila mtu katika mji huu kwa kuangalia tu, nani anakonda, nani amebadili njia ya kwenda kisimani, na watu wananisifu kuwa nina macho. Macho ninayo. Miguu ndiyo kaka yako alipaswa kuja kuikagua.

Na kwamba ulikuwa unamlilia mama yako, peke yako, mume wako yuko hatua hamsini, hilo mtu angelitarajia kwa mume mbaya. Mimi si mtu mbaya. Ndiyo maana linaniuma hivi.

Huku kazi inaendelea kwa shida. Hakuna wa kuwakagua wateja. Nawapiga, nasafisha, ndipo naona huyu amesahau kifungo, yule amekunja ngumi. Wote wanatoka kama watu waliokamatwa. Jana alikuja mama mmoja wa Shanwe na binti yake anayeolewa. Akalitazama shuka, limepinda upande mmoja kama ninavyolitundika mimi, akauliza, "Mwenye kupanga watu yuko wapi?" Nikasema amekwenda kwao msibani. Akasema, "Msiba gani huo usio na mwisho?" Nikamwambia binti ashushe kidevu.

Jioni, kabla jua halijazama, nalimwaga lile kopo la biskuti juu ya mkeka. Usidhani nina wazimu. Nimegundua kitu. Zile picha tulizopiga na kifupi, za familia kubwa, shuka lilikuwa halitoshi, wewe ukawa umelishika kwa pembeni ili upepo usilipeperushe. Tulidhani huonekani. Lakini kifupi kinakula hadi ukingoni, na kwenye ukingo kuna vidole vyako. Vinne, wakati mwingine na pete. Nimehesabu picha kumi na saba. Katika moja, ya wale Wasukuma wa ng'ombe, kuna kiwiko na kipande cha kanga. Hiyo nimeitenga.

Kaka yako aliniambia jambo jingine, baada ya kula, wakati hatutazamani. Alisema ile picha ya pili, ya miguu, mama hakuwahi kuiona vizuri. Macho yake yalikuwa yamepungua, aliona mtu mdogo tu kama punje mbele ya cheupe. Aliyoiona ni ile ya kichwa. Aliileta hadi puani, akaitambua pua yako, akalitambua lile kovu la kwenye nyusi, na baada ya kujua kuwa miguu unayo hakutaka nyingine. Alikuwa akisema nayo asubuhi. Sijui kama uliambiwa. Sikuambii ili kukitetea kile kioo. Nakuambia kwa sababu ni mama yako, na ulipaswa kuijua habari hii kabla yangu, na mimi nimeshawahi kukaa na habari yako mfukoni.

Sasa itazame picha.

Nimeipiga leo asubuhi. Kamera niliiweka juu ya kinu, nikafunga kioo cha kati, nikavuta ule mkono mdogo unaolia kama saa, nikakimbia nikasimama mlangoni kabla haijajipiga yenyewe. Ndiyo maana natweta. Mikono yote miwili ipo, vidole hesabu. Miguu ipo, ndani ya vile viatu vya wateja. Utaona pia kwamba nimesimama upande mmoja na upande wa pili kuna mlango mtupu. Sikukusudia. Nilipima kwa mazoea, nikaacha nafasi ya watu wawili.

Kalisto amenikaribisha kwenye lori. Nimekataa. Lori lingenishusha mlangoni kwenu kwa ghafla, na mimi siku zote nimekuja kwako kwa ghafla au sikuja kabisa. Nitatembea. Yeye alitembea kuja kukagua miguu yako, na malengelenge nina haki nayo. Ni siku nne, tano nikisimamishwa pale kwenye kituo cha kuzuia mbung'o ambapo yule askari mwenye kimia cha kuwanasa anapenda kuzungumza. Kamera naiacha kwa Mama Zena. Kirefu kiko ndani ya sanduku, ndani ya soksi, na sanduku liko chini ya kitanda chake, na yule mama hajawahi kumrudishia mtu chochote kwa urahisi.

Sikuombi uwe umefunga mzigo. Hata jibu usinitumie, tutapishana njiani. Naomba kitu kimoja, kidogo. Siku ya nne, au ya tano, tangu upate barua hii, ukiwa unaanika dagaa, tazama ile njia ya kutoka juu. Utaona kitu kama punje. Ukitaka kuniambia nirudi nilikotoka, uniambie, ni haki yako, lakini uniambie nikiwa mbele yako, ambapo nitakujibu na utanijibu.

Kwa hiyo ukiiona ile punje usiingie ndani. Kaa hapo hapo. Iache ikue.

Ni mimi mume wako, nafunga kamba za viatu.